UZI: Mnaosema ndoa ni kifungo, semeni pia nani aliyefungwa

Mshenga wa Malaba (mwanzisha uzi)

Wazee shikamooni, vijana hamjambo.

Mimi ni mshenga. Kazi yangu, kuanzia hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, hadi vijiji vya ndani vya Tororo, ni kufuatana na upande wa kijana kwenda kuomba binti, kukaa mkekani na wazee wa upande wa pili, kuhesabu ng'ombe, kubembeleza wapunguze, na kurudi na jibu. Kwa hiyo maneno ya watu kuhusu ndoa nayasikia kabla ya ndoa, siku ya ndoa, na siku ile inapovunjika wanapokuja kuniuliza, "Si wewe uliyetupeleka?"

Jioni kwenye chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi, mirija ikishaingia, humsikii mtu akisifu ndoa. Utasikia: bwana harusi ndiye mtu pekee anayechangiwa na kijiji kizima ili akateseke peke yake. Utasikia: ukitaka kujua kama mkeo anakupenda, filisika. Utasikia: kila mzee ana maadili makali kuhusu binti wa jirani. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka wana lao la siku zote, ndoa ndoano. Kisha kuna neno aliloniambia mama mmoja muuza samaki: uhuru wa mwanamume hupungua kwenye pete, wa mwanamke hukwisha kwenye ng'ombe wa kwanza.

Ni neno la mama huyo lililonifanya nifungue uzi huu. Yale mengine husemwa na wanaume, na karibu yote yanadai kwamba aliyenaswa ni mwanamume. Mimi nasema mila tulizozizoea na sheria tulizorithi zilimfungia mlango mtu mmoja tu kati ya hao wawili, mwanamke. Nasema pia kwamba mapenzi tunayoyadharau kila jioni hatujawahi kuyapima sawasawa, maana huwezi kujua kama mtu anakaa na wewe kwa kukupenda ilhali hana pa kwenda.

Nianze na ng'ombe, kwa kuwa hao nawajua vizuri.

Kijana akitoa ng'ombe, hawabaki zizini kwa baba mkwe wakila majani. Mjomba ana fungu lake, shangazi ana mbuzi wake, mama kapata gomesi, babu kapata kanzu. Halafu kaka wa binti naye anataka kuoa, na ng'ombe wale wale wanaswagwa kwenda kwa wakwe zake. Miaka inapita. Usiku mmoja binti anarudi kwao, jino limeng'oka. Baba yake anampenda, hilo sina shaka nalo. Lakini anajua kwamba mkwe atakuja na wazee wake kudai ng'ombe, na ng'ombe hao wako kwa wakwe wa mwanawe wa kiume, ambako nako kuna mwanamke na watoto. Akimpokea binti, amevunja nyumba mbili. Basi anampa chai, anampa nasaha, na alfajiri anamsindikiza kwa mumewe. Mwanamke yule akikaa huko hadi nywele ziwe nyeupe, watu husema: hayo ndiyo mapenzi ya zamani, vijana wa siku hizi hawavumilii.

Mimi nimekaa na wazee wa aina hiyo. Si watu wabaya. Wamebanwa na hesabu waliyoikuta.

Hesabu hiyo ilipelekwa mahakamani na watu wa kwetu. Shirika la MIFUMI, lenye mizizi hapa hapa Tororo, lilifungua shauri Mahakama ya Katiba mwaka 2007. Mwaka 2010 likashindwa. Likakata rufaa hadi Mahakama ya Upeo, na tarehe 6 Agosti 2015 majaji wakatoa uamuzi: mahari yenyewe haivunji Katiba, kwa sababu watu wazima wanaweza kukubaliana kwa hiari yao. Lakini desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika inavunja Katiba, inamdhalilisha mwanamke na inaweza kumfunga kwenye nyumba yenye kipigo. Jaji Esther Kisaakye alitaka kwenda mbali zaidi ya wenzake.

Miaka imepita tangu siku hiyo, na bado naitwa kwenye vikao ambako mzee anafungua daftari na kusoma ng'ombe wa kurudishwa. Uamuzi uko Kampala, daftari liko kijijini. Ndiyo maana naandika.

Haya, semeni.

Dereva wa Masafa

Mzee, heshima yako, lakini hapo umetuonea. Mimi niliuza kiwanja nikanunua ng'ombe. Mke akiamua mwezi wa tatu kwamba hanitaki, ng'ombe wabaki kwa baba yake, na yeye aolewe tena walete wengine? Mwenye mabinti wanne atakuwa tajiri kuliko wenye maduka wote wa Malaba.

Na niseme ukweli ambao wengi wanauficha. Mapenzi yana muda wake, kama mzigo wa nyanya, ukichelewa njiani umeoza. Kinachoshikilia nyumba baada ya hapo ni mahari. Ukiiondoa, hakuna nyumba itakayosimama.

Mshenga wa Malaba

Kijana wangu, nashukuru umesema waziwazi. Unasema ng'ombe ndio wanaoshikilia nyumba. Basi chukua neno lako ulitazame vizuri: mama watoto wako, unapokuwa barabarani kati ya Mombasa na Kigali, hakungoji wewe, analinda deni la baba yake. Unaweza kulala na jambo hilo moyoni? Mimi nisingeweza.

Kuhusu hasara, mahakama iliigusa. Ilisema anayedai mahari yake yote anajifanya hakupata chochote tangu siku ya ndoa. Nani alilima? Nani alichota maji, akauguza mama yako, akazaa? Katika vikao vyote nilivyokaa, sijaona daftari lenye ukurasa wa kazi za mke. Ng'ombe wanaandikwa mpaka rangi, huyu mwenye baka jeupe, yule mwenye pembe moja, ila miaka ya mwanamke haina mstari hata mmoja.

Ndoa ikivunjika mwezi wa tatu, wazee wana midomo, wakae waelewane. Baba mkwe mwenye utu hawezi kufurahia mali ya kijana aliyebaki mikono mitupu. Ninachokataa ni mwanamke kuwa rehani hadi maelewano hayo yapatikane.

Binti wa Bombo

Mzee, mimi ni Mnubi, Mwislamu. Watu wakisema "mahari" kwa jumla wanatuchanganya. Kwetu mahari ni ya mwanamke mwenyewe. Imeandikwa katika Surat An-Nisaa aya ya 4, wanawake wapewe mahari yao, na kama wao kwa ridhaa yao wakiwaachia sehemu ndipo waume waile. Baba hana fungu humo, kaka hana fungu.

Na mke akitaka kutoka kwa khului, hurudisha alichopewa. Kwa hiyo kurudisha kupo hata kwetu. Sijui kama wewe unaona ni kifungo kile kile.

Mshenga wa Malaba

Binti yangu, umeleta jambo ambalo nilitamani mtu alilete.

Naona tofauti kubwa. Kwenu aliyepokea ndiye anayerudisha, na kitu kiko mkononi mwake, au thamani yake anaijua. Anaweza kupima mwenyewe: nitoe hiki nipate uhuru wangu, au nibaki. Kwetu anayeadhibiwa si aliyepokea. Waliokula ng'ombe ni wengi, wengine wamekufa, na anayetakiwa kuvumilia kwa niaba yao wote ni mwanamke mmoja ambaye hakuonja hata supu ya mfupa.

Lakini naomba mniambie nyinyi wa Bombo na wa Arua: mahari hiyo humfikia bibi harusi kweli, au baba huichukua na kusema anamtunzia? Nauliza kwa sababu nimealikwa nikah kadhaa ambapo bahasha ilipita juu ya kichwa cha bibi harusi.

Binti wa Bombo

Inategemea na familia. Yangu nilipewa mkononi, nikanunua cherehani, na bado ninayo. Dada yangu hakuiona. Hapo tatizo si dini, ni baba.

Mwalimu wa Mbale

Nimesoma yote. Mzee mshenga unaandika vizuri, lakini unaamini kitu ambacho mimi nilishaacha kukiamini. Mapenzi ni kipindi cha watu wawili kudanganyana kwa adabu. Kabla ya ndoa wanahongana, baada ya ndoa wanahesabiana. Na maadili ni jina tunaloupa wivu ukishavaa suti.

Dawa nimeipata. Nakaa na mwenzangu bila ng'ombe, bila padri, bila karatasi. Akitaka kuondoka, mlango huo hapo. Nikitaka kuondoka, pia. Huo ndio uhuru unaousema, na umetugharimu shilingi sifuri.

Mshenga wa Malaba

Mwalimu, nitajibu kwa vipande viwili, kwa maana umegusa mambo mawili makubwa. Kwanza maadili.

Hapo nakuunga mkono zaidi ya unavyodhani, na ninayo tarehe yake. Sheria yetu ya talaka ni ya mwaka 1904. Ilisema mume akitaka talaka, inamtosha kuthibitisha kwamba mkewe amezini. Mke akitaka talaka, uzinzi wa mume peke yake hautoshi. Lazima aongeze ukatili, au kutelekezwa, au mume awe ameoa mwingine, au amezini na ndugu wa damu. Tulikaa na sheria hiyo hadi Machi 2004, wanasheria wanawake wa FIDA walipoishinda katika Mahakama ya Katiba.

Sasa sikiliza. Mimi nimesikia wazee wakiitetea tofauti hiyo kwa kusema ni mila ya Kiafrika, mwanamume ni mwanamume. Si yetu! Ni ya Waingereza, ilitoka katika sheria yao ya mwaka 1857, na wao wenyewe waliifuta mwaka 1923. Sisi tuliitunza miaka 81 zaidi ya wenyewe, tukaipa jina la babu zetu.

Ya uzinzi kwenye Sheria ya Adhabu ilikuwa vilevile. Mke wa mtu akilala na mwanamume yeyote, ni kosa la jinai. Mume wa mtu alikuwa na kosa pale tu mwanamke alipokuwa mke wa mwenzake. Yaani kosa halikuwa kumsaliti mkewe, kosa lilikuwa kuchezea cha mwanamume mwingine. Aprili 2007 Mahakama ya Katiba ikaifuta. Huo ndio wivu uliousema, Mwalimu, na suti yake ulivalishwa na sheria.

Na kila serikali ikitaka kuonekana ina maadili, hushuka kwenye miguu ya wanawake. Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Mwaka 2014 ikaja Sheria ya Kupinga Ponografia. Maandishi yake hayakutaja sketi, lakini viongozi walivyoizungumza watu wakasikia sketi, na wanawake wakavuliwa nguo hadharani mjini Kampala na wanaume ambao sidhani mmoja wao angeruhusu mama yake aangaliwe hivyo. Agosti 2021 mahakama ikafuta vifungu vyake vikuu. Mwaka 2022 kikafutwa kile kifungu cha uzururaji kilichomruhusu askari kukukamata kwa sababu tu huna njia ya riziki inayoonekana na hujaridhisha kwa maelezo. Muulizeni mwanamke yeyote anayefunga kibanda chake saa nne usiku akarudi nyumbani kwa miguu, atawaambia kifungu hicho kilikuwa kinamwona yeye kwanza.

Mtu ana haki ya kuwa na maadili makali. Ayaanzie kwake.

Sasa kipande cha pili, kukaa bila karatasi. Hapo, Mwalimu, sikubaliani nawe hata kidogo, na nakuomba unisome hadi mwisho.

Sheria ya Uganda haihesabu miaka ya kukaa pamoja. Ukae naye miaka miwili, ukae naye thelathini, mbele ya sheria huyo si mkeo. Ndoa ni ya kanisani au ya msajili, ya kimila, ya Kiislamu, au ya Kihindu. Siku ukifa bila wosia, Sheria ya Mirathi ilivyorekebishwa mwaka 2022 inampa mke asilimia 20 ya mali, watoto asilimia 75, wategemezi asilimia 4 na mrithi wa kimila asilimia 1. Watoto wako watapata, hata kama hukumuoa mama yao. Yeye atakuwa mgeni aliyekuja kwenye matanga. Nimeona ndugu wa marehemu wakifika na kufuli kabla udongo wa kaburi haujakauka. Walikuwa watu wa kanisani, wana sauti nzuri za kuimba.

Ukiwa hai ni hivyohivyo. Sheria ya Ardhi ya 1998 inadai ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza ardhi ya familia. Mwenzi ni mke au mume. Wako hana saini. Ukiuza shamba analolima, anaweza kupata habari kwa mnunuzi. Mahali ambapo sheria inamwona ni kwenye kipigo, kwa sababu Sheria ya Ukatili Nyumbani ya 2010 inawahusu hata wanaoishi pamoja bila ndoa.

Kwa hiyo uhuru huo wa shilingi sifuri, mwulize mwenzako kama na yeye ameupata kwa bei hiyo. Mlango ulioufungua unakutoa wewe na mali yako. Yeye unamtoa mikono mitupu.

Na huku kwetu kuna jambo lingine zito kuliko hayo. Mwanamke akifa kwa mtu ambaye hakutoa mahari, kwao wanaweza kukataa azikwe hadi ng'ombe waletwe. Nimeitwa kwenye msiba wa namna hiyo, hapa hapa na upande wa Teso. Unakaa unapatana bei jeneza likiwa ndani, watoto wanakusikia. Mwanamume aliyesema miaka yote kwamba hana fedha anakopa usiku mmoja akalipia maiti. Sijawahi kuona kazi ya mshenga ikiwa chungu namna hiyo, na nikiitwa tena nitakwenda, kwa sababu mtu lazima azikwe.

Mwalimu wa Mbale

Hilo la ardhi sikulijua. Nitalizungumza nyumbani. Kuhusu mapenzi bado sijabadilika.

Kijana wa Ntinda

Wazee mnaongea ya vijijini. Njooni Kampala muone. Hapa dada anaolewa na nyumba. Anaangalia kwanza hati, halafu sura. Akikaa mwaka mmoja anadai talaka na nusu ya kila kitu. Mwanamume wa mjini anajenga peke yake na anabomolewa na wawili, mke na wakili wake. Mimi nimeapa sioi.

Mshenga wa Malaba

Kijana wangu, mtu akuapishe kwa jambo la kweli, si la kuvumishwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Upeo ilitoa uamuzi katika kesi ya Rwabinumi na Bahimbisomwe. Ilisema mali uliyokuwa nayo mwenyewe haigeuki ya wawili kwa sababu tu umeoa. Kinachotazamwa ni mchango wa kila mmoja, na mchango si fedha peke yake, kazi za nyumbani nazo huhesabiwa. Kwa hiyo nusu ya kila kitu baada ya mwaka mmoja haipo kwa namna unavyoieleza.

Kama unaogopa kuoa, usioe, ni haki yako. Ibara ya 31 ya Katiba inataka ridhaa ya hiari ya mwanamume na ya mwanamke. Ila usimsingizie mtu ambaye hujakutana naye.

Mama wa Busia

Mimi nasema kidogo tu. Mnasahau kwamba wengi hawakatai ndoa, wanashindwa na harusi. Mikutano ya harusi kila wiki, kadi za ahadi, kamati ya mapambo, kamati ya usafiri, gari la bibi harusi lazima liwe refu. Juu ya hayo kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana na wakwe, nayo ina msemaji wa kukodi kila upande. Binti yangu na mwenzake wanaogopa aibu ya sherehe ndogo kuliko wanavyoogopa dhambi. Wana watoto wawili. Padri anawanyima komunyo, sisi tunawanyima michango kwa kuwa mwaka huu tumechangia wengine. Sasa nani mwenye maadili hapo?

Katika harusi zote nilizochangia, nyingine deni la keki limeishi kuliko ndoa.

Mshenga wa Malaba

Mama, umesema kweli. Ndoa ya kimila haihitaji keki. Wakikubaliana, mila ya upande wa binti ikatimizwa hata kwa kidogo, ni ndoa halali, na tangu mwaka 1973 kuna sheria ya kuisajili. Wanakwenda ofisi ya serikali ya gombolola (kata) na mashahidi ndani ya miezi sita, wanaandikishwa, wanapata cheti. Mwambie binti aende hata kesho na khanga aliyoivaa. Kanisani wataenda siku Mungu akiwajalia.

Ninachokasirikia ni kwamba mambo haya yalitakiwa yawe yamenyooshwa zamani. Tume ya Kalema iliundwa mwaka 1964 kuchunguza ndoa, talaka na hali ya wanawake, ikatoa ripoti mwaka 1965. Ukaja Muswada wa Mahusiano ya Kifamilia wa 2003, ukapingwa. Ukaja Muswada wa Ndoa na Talaka wa 2009, na mwaka 2013 ukawekwa kabatini. Wabunge walirudi majimboni wakaambiwa na wapiga kura kwamba utavunja nyumba za watu. Kila badiliko nililolitaja juu, la talaka, la uzinzi, la ng'ombe, lilipatikana kwa sababu wanawake fulani walichoka kungoja wakapanda ngazi za mahakama.

Dereva wa Masafa

Mzee nimerudi. Nilikuwa njiani, nimefikiri. Swali lako la kulala nalo moyoni limenikaa. Lakini bado sijapata jibu la jambo moja. Kama mke wangu ana ruhusa ya kuondoka, nitajuaje kama kesho atakuwepo?

Mshenga wa Malaba

Hutajua, mwanangu. Yeye naye hajui kama wewe utarudi kutoka Kigali. Na bado anakupikia. Nyinyi madereva mna maneno makali kuhusu wanawake wa njiani na wa nyumbani, lakini kila safari mkikaribia kwenu mnapiga simu kuuliza kama maji ya kuoga yapo. Mtu asiyeamini mapenzi haulizi hivyo.

Mwalimu naye anasema haamini, halafu anasema "nitalizungumza nyumbani". Nyumbani kwa nani, Mwalimu, kama hakuna mtu huko unayemjali? Nakuona wewe ni mtu aliyependa, na unaogopa kulisema kwa sababu wenzako chunguni watakucheka. Mimi nasema wacheke.

Nimepatanisha watu wengi na nimeona nyumba za kila aina. Zile ambazo mke angeweza kuondoka kesho, ana biashara yake, ana baba wa kumpokea, ana cheti, na hakuondoka, humo ndimo nilimoona watu wazima wakicheka wawili tu jikoni, hawajui kama mgeni yuko nje. Zile za ng'ombe nilikaribishwa vizuri sana, chakula kingi, na mke hakuinua macho tangu nilipoingia hadi nilipotoka.

Kijana wa Nagongera

Shikamoo mzee. Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi napeleka ng'ombe mwezi ujao, tumeshakubaliana na binti, na wazazi wake wanataka mahari kamili ya kimila. Sitaki kuwavunjia heshima. Nifanye nini ili isije kuwa kama hayo uliyoyaeleza?

Mshenga wa Malaba

Marahaba mwanangu. Toa ng'ombe, usione haya. Baba amelea, mama amelea, kushukuru ni jambo jema na ni kwetu.

Kwanza kamwulize binti mwenyewe, mkiwa wawili, si mbele ya shangazi zake, kama anataka na kama ana umri. Chini ya miaka 18 hakuna mazungumzo, hata wazazi wakilia.

Pili, siku ya kuhesabu, mshenga wako aombe karatasi. Kila familia huandika orodha, hiyo si ajabu. Chini ya orodha paandikwe sentensi moja: vitu hivi vimetolewa kwa shukrani na upande wa kijana hautavidai tena kwa sababu yoyote. Wewe utie saini, baba yako atie saini, mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, agonge mhuri. Wazee wa upande wa binti watashangaa, maana kwa kawaida wao ndio wanaoogopa karatasi. Waelezeni taratibu, msiwafundishe kama watoto.

Tatu, ndani ya miezi sita nendeni gombolola mkasajili. Cheti akae nacho yeye. Wewe uwe na nakala.

La mwisho ni gumu kidogo na lisemwe na mshenga, wewe kaa kimya. Kabla ng'ombe wa kwanza hajafunguliwa kamba, amwulize baba mkwe mbele ya wote: mzee, binti huyu akirudi hapa usiku, mtamfungulia? Wengine hujibu papo hapo, na shangazi hupiga vigelegele. Wengine huangalia chini. Akiangalia chini, ng'ombe wabaki wamefungwa, mketi tena, chakula kiletwe, mzungumze hadi ajibu. Mimi nimewahi kukaa hadi jioni kwa swali hilo.

Ukipata tarehe niandikie faraghani. Nitakuja niliulize mimi.